Mizani ya pweza: ipi inaiona nusu kilo?

Mizani ya saa ya kilo 100, ile ya uso wa duara inayotundikwa kwenye boriti ya banda au tawi la mwembe, ina mstari mmoja kwa kila gramu 500. Mtundike pweza mmoja mdogo uone. Sindano inatikisika, inasogea kidogo, inatulia karibu na mstari wa kwanza, na watu watatu waliosimama pembe tofauti watakusomea namba tatu. Sasa kumbuka kwamba Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha pweza kwenye gramu 500. Kikomo chote kimeingia ndani ya mstari mmoja wa chombo kinachotumika kukisimamia.

Tathmini hii ni ya mizani zinazopatikana madukani Mtwara na Lindi, aina nne, pamoja na moja ya tano ambayo haiuzwi bali inatengenezwa kwa fito na chupa. Kazi iliyopewa kila moja ni hii tu: pweza mmoja, mbichi, mzima, amefika au hajafika? Mizani inaweza kuwa imara na nzuri kwa gunia la korosho, lakini ikishindwa swali hilo haifai kukaa peke yake kwenye mwalo wa pweza, iwe Songosongo, Kilwa Kivinje, Msangamkuu au Msimbati.

Changu au tasi unamlaza kwenye rula, kutoka mdomo mpaka mkia, ukamaliza. Pweza hana mfupa wa kumpimia. Mkono wake ukiuvuta unarefuka, ukiuachia unajikunja, na kichwa kinavimba na kunywea kadiri kinavyobeba maji. Ndiyo maana kikomo chake kikawekwa kwa uzito, na ndiyo maana mizani mbovu kwa pweza ni sawa na kutokuwa na kikomo kabisa.

Na nusu kilo yenyewe ni ndogo. Pweza wa miamba yetu anaishi mwaka mmoja hivi au kidogo zaidi. Akiwa mdogo anakula kaa na kukua kwa kasi ambayo samaki wachache wanaifikia. Ndani ya mwezi mmoja uzito wake unaweza kukaribia maradufu. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, hujifungia tunduni akilinda mayai kwa takriban mwezi mzima bila kula, kisha hufa. Utafiti uliofanyika kusini-magharibi mwa Madagaska ulikuta kwamba nusu ya majike wamekomaa wakifika kama kilo mbili na robo, na madume kama gramu 640. Kwa hiyo gramu 500 haimaanishi kwamba pweza amezaa. Ni sakafu tu, mahali ambapo chini yake hasara ni ya kila mtu: pweza wa gramu 300 akiachwa bamvua nne (maji makubwa ya kila wiki mbili), yaani miezi miwili, anaweza kupita kilo moja. Anayekosea gramu 200 kwenye mizani leo amekosea kilo nzima ya miezi miwili ijayo.

Tuanze na hiyo mizani ya saa, kwa kuwa ndiyo imezoeleka. Zinakuja kwa ukubwa tofauti: ya kilo 25 ina mistari ya gramu 100, ya kilo 50 ina mistari ya gramu 200, ya kilo 100 ina mistari ya gramu 500. Sifa zake ni za kweli. Haitaki betri, inavumilia kuangushwa, uso wake unasomeka na kila aliyepo, na mzigo wa kilo 60 wa siku ya bamvua unaupima kwa mkupuo mmoja. Kwa jumla ya mzigo hatuna ugomvi nayo. Tatizo liko chini. Angalia usoni kwake, karibu na neno Max. Mizani nyingi zimeandikwa pia Min. Hiyo ndiyo sehemu ambayo chini yake mtengenezaji mwenyewe hataki uiamini. Kwa mizani za springi za daraja la kawaida, kiwango hicho ni mistari kumi: kilo 1 kwa mizani ya kilo 25, kilo 2 kwa ya kilo 50, kilo 5 kwa ya kilo 100. Hata ile bora kati yao, ya kilo 25, inaanza kuaminika kwenye uzito mara mbili ya kikomo cha pweza.

Kasoro ya pili ni tabia ya mtungo. Kwa sababu mizani hii haipimi mmoja mmoja, pweza wanatundikwa pamoja na kugawanywa kwa idadi. Pweza kumi na wawili, kilo tisa, wastani gramu 750, wote wanaonekana wazuri. Lakini mtungo huohuo unaweza kuwa na wanane wa gramu 975 na wanne wa gramu 300, na jumla inabaki kilo tisa kamili. Kikomo ni cha pweza mmoja, si cha wastani. Mnunuzi anayekubali mtungo kwa wastani anawafundisha wavuvi kwamba mkubwa mmoja analipia wadogo wawili, na wadogo wawili watachokolewa tunduni kwa ajili hiyo.

Chumvi ndiyo inayoiua. Matone yanaingia kwenye tundu la kulabu, yanakauka, springi inashika kutu mahali pamoja, na sindano inaanza kukwama. Dalili ni hii: gonga uso kwa kidole baada ya kusoma. Sindano ikiruka kwa zaidi ya nusu ya mstari, kuna msuguano ndani. Dalili nyingine ni sindano kutorudi kwenye sifuri mzigo ukitolewa. Skrubu ya kurekebishia sifuri itairudisha, lakini springi iliyochoka ikirekebishwa sifuri bado itakosea juu. Usiifungue mwenyewe kama inatumika kwa biashara, kwa sababu lakiri ya Wakala wa Vipimo ikikatika mizani hiyo si halali tena mpaka ihakikiwe upya.

Mizani ndogo ya kielektroniki ya kushika mkononi, ile ya kulabu inayopima mpaka kilo 50, ndiyo imeingia kwa wingi kwa wachuuzi. Inasoma gramu 10, nyingine gramu 5 kwa mizigo midogo. Kwa swali letu inajibu vizuri: 470 ni 470 na 520 ni 520. Inaingia mfukoni, pweza mmoja anachukua kama sekunde kumi, na mvuvi anaona namba mwenyewe. Ingekuwa ndiyo mshindi kama si mambo matatu.

La kwanza na baya zaidi ni kitufe cha vipimo. Mizani hizi zinabadilika kutoka kilo kwenda ratili kwa kubonyeza mara moja, na nyingine zina kipimo cha Kichina cha gramu 500 ndani yake. Kwenye ratili, pweza wa gramu 227 anasomeka 0.50. Kwenye kipimo cha Kichina, wa gramu 250 anasomeka 0.50. Kidole chenye utelezi kikigusa kitufe asubuhi, mwalo wote unaweza kupokea pweza wa robo kilo mpaka jioni, na hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Soma herufi zilizo pembeni ya namba, si namba peke yake, kila unapoiwasha. Hata mvuvi naye aangalie, kwa sababu kosa hilo likitokea wakati wa kulipana bei, hesabu nzima imevurugika.

La pili ni kushikilia namba. Nyingi zinafunga usomaji zenyewe zikidhani mzigo umetulia. Upepo wa kusi ukiwa unamtikisa pweza, au mkono wa mpimaji ukiwa umechoka, zinafunga kwenye namba ya njiani. Dawa yake ni kuitundika kwenye boriti badala ya kuishika, kusubiri namba itulie, na kupima mara mbili yule anayesomeka kati ya 480 na 520.

La tatu ni unyevu. Maji yanapenya kwenye kifuniko cha betri, vyuma vya ndani vinaota ukijani, namba zinaanza kuyumba zenyewe bila mzigo. Vyuma hivyo vinasafishwa kwa kitambaa chenye maji ya ndimu, kisha kitambaa chenye maji baridi (yasiyo ya chumvi), kisha vinakaushwa kabisa kabla ya betri kurudi. Kinga ni rahisi kuliko tiba: itie mizani kwenye mfuko wa nailoni unaoona, toboa chini kulabu lipite, funga kwa mpira. Na betri zikikaribia kuisha mizani haizimiki tu, inaanza kusoma ovyo kwanza. Alama ya betri ikiwaka, badilisha siku hiyohiyo.

Neno moja la kisheria. Nyingi ya mizani hizi za mkononi zilitengenezwa kwa ajili ya mizigo ya safari na hazina uhakiki wa biashara. Zitumie kuchambua, nani anapita na nani hapiti, lakini bei ilipwe kwa mizani yenye stika ya mwaka huu. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, mizani ya biashara inahakikiwa kila mwaka. Wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala wamezoea kuitafuta stika hiyo kabla gunia halijapanda. Mchokoaji wa pweza ana haki ileile na haimgharimu kitu kuuliza.

Mizani ya mezani yenye betri ya kuchaji, ile ya duka la nyama yenye sahani ya bati na namba za bei, ni chombo kizuri mno kwenye ghala la mnunuzi. Ya kilo 30 inasoma gramu 10, ya kilo 15 inasoma gramu 5, na kiwango chake cha chini ni gramu 200 au 100, kwa hiyo nusu kilo iko ndani ya eneo lake salama. Inapata stika ya uhakiki bila matatizo. Inapima mmoja mmoja na inaweza kupima beseni zima. Hasara yake ni mahali. Inataka meza iliyonyooka. Ina kipovu cha hewa kwenye kioo kidogo, na kipovu kisipokaa katikati namba si ya kuaminika. Juu ya mchanga haisimami. Chaji nayo ni wasiwasi kwenye visiwa na vijiji ambako umeme unakatika, ingawa betri ikiwa nzima inamaliza siku ya kazi. Sisimizi na mende wanapenda joto la ndani, na ute wa pweza ukikauka chini ya sahani unaizuia isishuke. Inua sahani kila jioni, futa kote.

Kosa linalorudiwa kwenye mizani ya mezani ni chombo. Ndoo tupu ya plastiki ya lita 10 inaweza kukaribia nusu kilo. Asiyebonyeza kitufe cha kutoa uzito wa chombo amempa kila pweza zawadi ya kikomo kizima. Na anayekibonyeza ndoo ikiwa na maji ya jana, halafu akayamwaga, anampunja mvuvi. Utaratibu ni mmoja: ndoo kavu juu, bonyeza, sifuri ionekane, ndipo pweza aingie. Ukibadilisha ndoo, anza upya.

Sasa ile ambayo wengi wameshaisahau. Mizani ya mawe, yenye mkono wa chuma na sahani mbili, bado inakaa kwenye maduka ya zamani ya Mikindani na Kilwa, na mawe yake yanauzwa. Kwa kazi ya kikomo tunaiweka ya kwanza, bila kusita. Sababu yake ni aina ya swali. Kikomo hakihitaji namba, kinahitaji ndiyo au hapana. Weka jiwe la gramu 500 upande mmoja, pweza upande wa pili. Sahani ya pweza ikishuka, amefika. Isiposhuka, hajafika. Hakuna springi ya kuchoka, hakuna betri, hakuna kitufe cha ratili, na asiyejua kusoma anaona jibu sawasawa na mnunuzi. Ugomvi unapungua kwa sababu hiyo tu: mama aliyetembea mwambani saa tatu hakubali namba iliyosomwa na mtu mwingine, lakini sahani iliyogoma kushuka anaiona kwa macho yake.

Jinsi ya kuijua nzima: sahani zikiwa tupu lazima zilingane. Kisha weka pweza kushoto na jiwe kulia, halafu zibadilishe. Jibu likibadilika pamoja nazo, mikono ya mizani hailingani au kuna uchafu kwenye ncha inayobeba, na hiyo haifai mpaka itengenezwe. Mawe nayo yanadanganya. Jiwe la chuma lililomeguka ukingoni limepungua, na lililovaa tabaka la chumvi na mafuta limezidi. Chini ya mawe mengi kuna tundu lililozibwa kwa risasi ambalo limepigwa mhuri. Risasi ikiwa imetoka au imechokonolewa, liache. Pangusa mawe kwa kitambaa kikavu, usiyaoshe kwa maji ya bahari, yahifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Mizani hii ni nzito, upepo unaisumbua, na mzigo mkubwa inaupima polepole mno. Kwa jumla ya kilo itafute nyingine. Kwa kuchambua haina mpinzani.

Ile ya tano ni mti na chupa, na gharama yake ni karibu bure. Chukua fito iliyonyooka ya sentimita 60, ikate mfuo katikati na mifuo miwili sentimita 2 kutoka kila ncha. Tundika katikati kwa kamba ya nailoni. Ncha moja funga kulabu la chuma, nyingine funga chupa ya maji ya nusu lita. Kwanza, kabla ya chupa kujazwa, mti ukae mlalo. Upande mwepesi uongezee kamba. Kisha jaza maji kidogo kidogo, huku ncha ya pili ikiwa imebeba jiwe lililohakikiwa la gramu 500, mpaka mti ulale sawa. Ziba kifuniko, kifunge kwa gundi, piga mstari wa rangi pale maji yalipofika. Maji yakishuka chini ya mstari, chupa imevuja na kipimo kimekwisha. Hii si ya kulipana pesa hata kidogo. Ni ya kufundishia macho, na hapo inafanya kazi kubwa.

Kwa maana mizani zote hizi zina udhaifu mmoja zinaoshiriki. Pweza akifika kwenye mizani ameshakufa. Chuma cha kuchokolea kimempenya, na kumrudisha baharini hakumsaidii yeye wala mwamba. Uamuzi wa kweli unafanyika tunduni, pale maji yamekupwa na mtu ameinama akiona jicho moja na mikono miwili. Kwa hiyo mizani inayofaa ni ile inayofundisha mkono wa mchokoaji. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kikitenga asubuhi moja ya maji mafu (bahari isipokupwa sana) kuweka pweza wa 350, 500 na 700 kwenye mkeka, kila mmoja amshike kichwa aone kinavyojaa kiganjani, kazi hiyo inazidi faini kumi. Baada ya hapo mti na chupa unabaki kwa mtu yeyote anayetaka kujikumbusha.

Kazi ya pili ya mizani ni kumwambia mchokoaji mapema kwamba mdogo hatanunuliwa. Na hapa pana tundu linalovujisha kila kitu: pweza aliyekataliwa na mnunuzi wa kiwanda anateremka njia moja tu mpaka kwenye karai la mkaangaji, anakatwa vipande, anauzwa na pilipili na supu yake. Mwalo ukiwa na mizani kwa mnunuzi mkubwa tu na mkaangaji asiulizwe, kikomo kimebadilisha mteja wa pweza mdogo, hakijamwokoa. Jiwe la gramu 500 likae mahali pweza wote wanapopita, wa kwenda Ulaya na wa kwenda stendi. Pweza mkavu ndiye mgumu zaidi kukagua. Nyama yake mbichi ni maji karibu asilimia 80, kwa hiyo akikauka uzito hautakwambia alikuwa nani. Apimwe kabla ya kuanikwa au asipimwe.

Namna ya kumpima nayo ina kanuni zake, na bila hizo hata mizani bora inasema uongo. Mshike pweza kwa mikono, kichwa chini, umkamue maji polepole kwa kuhesabu mpaka kumi. Apimwe mzima, utumbo ukiwa ndani, kabla ya kupigwapigwa kulainishwa na kabla ya barafu. Aliyekaa kwenye maji baridi au barafu iliyoyeyuka ananyonya maji na kuongezeka uzito. Ndiyo hila ya kumloweka usiku kucha: pweza wa gramu 450 anaamka amefika. Utamjua kwa ngozi iliyopauka na kuvimba, mikono minene isiyojikunja vizuri, na maji yanayoendelea kuchuruzika baada ya kukamuliwa. Mnunuzi anayempokea huyo ananunua maji kwa bei ya pweza, na atayaona yakibaki kwenye friza.

Siku ya kufungua mwamba ndipo mizani inapojulikana. Mtindo wa kuufunga mwamba kwa muda, mara nyingi miezi miwili au mitatu, ulianza Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, na umefika Pemba na Songosongo. Unafanya kazi kwa sababu ya ule ukuaji wa kasi. Lakini asubuhi ya kufungua, bamvua likiwa limekupwa kama saa nne, watu wote wanaingia kwa pamoja, na ndani ya saa mbili mzigo wa mwezi unatua mchangani. Mizani moja ya kulabu hapo inakwama. Hesabu ni nyepesi: kilo 200 za pweza wa wastani wa kilo moja ni pweza 200, kwa sekunde kumi kila mmoja ni zaidi ya nusu saa bila kupumzika. Foleni ikirefuka mpimaji anaanza kukubali mitungo. Suluhisho ni kuchambua kwa macho kwanza. Wakubwa wa wazi waende moja kwa moja kwenye mizani ya saa au ya mezani kwa jumla, na wale wa shaka tu, tuseme kati ya 400 na 700, wapite kwenye mawe. Watu wawili, mizani mbili, foleni mbili.

Na kila kinachopimwa kiandikwe, kwa sababu mizani bila daftari inaona leo tu. Safu nne zinatosha: tarehe, watu walioingia mwambani, idadi ya pweza, kilo zote. Gawanya kilo kwa watu. Tuchukue mfano wa watu 40 waliotoa kilo 320. Kila mmoja kapata nane. Mwaka unaofuata wanaingia watu 80, wanatoa kilo 400. Mwalo utasema mavuno yamepanda, na ni kweli yamepanda, lakini kila mtu amerudi na kilo tano. Hapo ndipo mwamba unapoanza kulalamika, mapema sana kabla ya pweza kuadimika. Gawanya pia kilo kwa idadi. Wastani ukishuka kutoka gramu 1,200 kwenda 800 na mizani ni ileile, idadi ya wachokoaji ndiyo ya kujadiliwa kijijini au muda wa kufunga uongezwe, kwa sababu kikomo cha nusu kilo hakitausaidia mwamba huo peke yake.

Kwa mwalo mdogo wenye fedha ya kununua kimoja, ushauri wetu ni mizani ya mawe yenye jiwe la gramu 500 na la kilo moja, huku jumla ikipimwa kwa mizani ya mnunuzi yenye stika. Kwa mchuuzi anayezunguka na baiskeli, ya mkononi ya kielektroniki ndani ya mfuko wake wa nailoni. Kwa ghala, ya mezani. Ya saa ya kilo 100 ibaki kwa magunia.

Na popote unapoinunua, nenda dukani na chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Maji yake ni gramu 500, plastiki na kifuniko vinaongeza kama gramu 15 mpaka 20. Mizani ya kielektroniki iisome kati ya 510 na 530, mara tatu mfululizo, ukiitoa na kuirudisha kila mara. Usijaze chupa hiyo maji ya bahari ukidhani ni yaleyale, kwa kuwa nusu lita ya bahari inazidi kwa gramu 12 hivi. Muuzaji akikataa usipime kabla ya kulipa, duka la pili haliko mbali.